Kirusi Kwenye Kache: Soma Anwani ya Faili Kabla ya Kumwita Fundi

Onyo huja kwa herufi nyekundu, na karibu kila mtu husoma neno moja tu: Trojan. Chini yake pana mstari mrefu usiovutia, uliojaa mikwaju na majina ya folda, unaoishia na kitu kama Chrome\User Data\Default\Cache\Cache_Data\f_0003c2. Macho huuruka. Muda si mrefu kompyuta iko kwa fundi, Kariakoo au Luthuli Avenue, na fundi naye, bila kuusoma mstari ule, anatoa tiba yake ya siku zote: tupige Windows. Picha za harusi, hesabu za duka na barua za kazi zinaondoka pamoja na faili moja ndogo ambayo pengine haikuwa imefanya lolote.

Mstari ule mrefu ndio wenye habari. Jina la kirusi hutungwa na kampuni ya antivairasi, na kitu kilekile huweza kuitwa hivi na kampuni hii, vile na kampuni ile. Anwani ya faili haina mambo hayo. Inasema kitu kimekutwa wapi, na pale kilipokutwa ndipo panapoamua kama shida ni ya kufuta na kuendelea na kazi, au ni ya kupiga simu benki usiku huohuo.

Kila ukurasa unapofunguliwa, kivinjari huteremsha vipande vyake: picha, aina za herufi, maelekezo ya mpangilio, na misimbo midogo ya JavaScript inayoendesha menyu na vitufe. Ili vipande hivyo visiteremshwe tena kesho na kula bando, kivinjari huviweka kwenye diski. Hiyo ndiyo kache. Kwenye Windows, Chrome na Edge huvipa majina yanayoanza na f_, na vile vidogo zaidi hukusanywa ndani ya faili ziitwazo data_0 hadi data_3. Firefox huviweka katika folda ya cache2\entries, kila kimoja kikiwa na jina la herufi na tarakimu 40. Hakuna hata kimoja chenye mwisho wa .exe, na vingi vimebanwa. Mtu akikibofya mara mbili, Windows itamuuliza tu anataka kukifungua kwa programu gani.

Kwa hiyo msimbo hasidi uliolala ndani ya kache ni kama mbegu iliyofungwa kwenye chupa. Hauamki wenyewe. Hufanya kazi pale tu ukurasa uliouleta unapofunguliwa, na hata hapo hukaa ndani ya uzio ambao vivinjari vya sasa humwekea kila mgeni. Antivairasi inapoukamata humo, mara nyingi inachotangaza ni kwamba kitu kibaya kimepita, si kwamba kimehamia.

Mfano mzuri ulitokea Uingereza Jumapili ya tarehe 11 Februari 2018. Rafiki wa mtaalamu wa usalama Scott Helme alifungua tovuti ya ICO, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo, antivairasi yake ikapiga kelele. Ofisi ya kulinda taarifa za watu, tena! Helme alipochunguza alikuta tatizo si la ICO peke yao. Kilichochezewa kilikuwa Browsealoud, huduma ya kampuni ya Texthelp inayowasomea kwa sauti watu wenye shida ya kuona au kusoma, ambayo tovuti zaidi ya 4,000 zilikuwa zikiivuta kutoka sehemu moja. Mtu asiyejulikana alikuwa ameingiza humo msimbo wa Coinhive, unaotumia prosesa ya msomaji kuchimba sarafu ya Monero. Tovuti za huduma ya afya ya Uingereza na ya mahakama za Marekani zikawa zinawachimbisha wagonjwa na mawakili bila wao kujua. Texthelp waliizima huduma siku hiyohiyo. Baadaye Coinhive wenyewe walisema mapato ya kazi yote ile yalikuwa dola 24.

Kwa msomaji wa tovuti zile, dawa ilikuwa rahisi mno kuliko kelele zake. Kufunga ukurasa kulisimamisha uchimbaji. Kilichobaki kwenye diski kilikuwa nakala ya msimbo ndani ya kache, na kusafisha kache kulimaliza habari. Aliyepiga Windows siku ile alijitesa bure.

Woga wenyewe, hata hivyo, una historia ya kweli. Mwaka 2012 na 2013, mashambulizi mengi yalipitia Java iliyokuwa ikikaa ndani ya vivinjari, nayo Java ilikuwa na kache yake. Vifurushi vya uhalifu kama Blackhole vilikodishwa kama mtu anavyokodi gari, na kutembelea ukurasa mmoja tu kulitosha kompyuta isiyosasishwa kuambukizwa. Kukuta faili hasidi kwenye kache enzi hizo kulikuwa sababu nzuri ya kutoka jasho. Chrome iliacha kuikubali Java mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, na Flash ikazikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Ushauri wa enzi ile ndio uliobaki vinywani mwa mafundi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya onyo kwa simu, jina la kirusi, anwani nzima na saa vikionekana. Kama onyo limeshapotea, Microsoft Defender hulihifadhi kwenye historia ya ulinzi, na antivairasi nyingine nazo zina kumbukumbu zao. Baada ya kufuta, picha hiyo ndiyo itakayobaki kueleza kilichotokea, na bila hiyo hata fundi mwaminifu atabaki kubahatisha.

Kisha funga kivinjari, na ukifunge kwelikweli. Chrome huweza kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya dirisha kufungwa, hivyo tazama vialama vilivyo karibu na saa, pale pembeni chini. Sababu ni ya kiufundi tu: kivinjari kikiwa wazi, faili za data_0 na wenzake zinashikiliwa, na antivairasi hujaribu kuzisafisha ikashindwa, ikatoa onyo jingine, mwenye kompyuta akadhani kirusi kinapigana. Hakipigani. Mlango umefungwa kwa ndani. Kivinjari kikishafungwa, iache antivairasi iweke faili karantini.

Baada ya hapo fungua kivinjari, ukatae kikikuomba urejeshe kurasa zilizokuwa wazi, ubonyeze Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Dirisha la kufuta data ya kuvinjari litatokea, na njia hii ni ileile kwa Chrome, Edge na Firefox. Chagua muda wote, maana mara nyingi kivinjari chenyewe hupendekeza saa moja iliyopita tu, na faili inayotafutwa inaweza kuwa ya wiki jana. Weka tiki kwenye picha na faili zilizohifadhiwa kwenye kache. Nyingine zote ziondolee tiki kwa sasa. Nywila hazitaguswa, wala historia. Kinachopotea ni wepesi: siku mbili tatu kurasa zitafunguka polepole na bando litaliwa kidogo zaidi, kwa kuwa kila picha inateremshwa upya. Mwenye bando la kupimia afanye kazi hii akiwa karibu na Wi-Fi.

Kosa moja hutokea sana kwenye kompyuta za familia. Chrome humpa kila mtumiaji wasifu wake, na kila wasifu una kache yake. Anwani ikisema Default, ni wasifu wa kwanza. Ikisema Profile 1 au Profile 3, ni wa mtu mwingine. Baba anaweza kusafisha kache yake jioni nzima huku onyo likirudi kwa sababu faili iko kwa binti. Ndiyo maana anwani husomwa hadi neno la mwisho.

Washa kompyuta upya, kisha iskani yote, si kwa ule mtindo wa haraka. Kama skani imerudi safi na anwani ilikuwa ya kache tu, mambo mengi yamekwisha. Limebaki swali moja, ambalo antivairasi haiwezi kulijibu: mtumiaji aliandika nini kwenye ukurasa ule?

Kati ya tarehe 21 Agosti na 5 Septemba 2018, wateja wa British Airways walilipia tiketi kwenye tovuti halisi ya shirika hilo, yenye kufuli la usalama na kila kitu. Ndani ya faili moja ya JavaScript, kundi lijulikanalo kama Magecart lilikuwa limeongeza mistari 22. Mteja alipobonyeza kitufe cha kulipa, mistari ile ilinakili jina, anwani na namba ya kadi, ikavituma kwa seva yenye jina la kufanana na la shirika, baways.com. Kompyuta za wateja hazikuambukizwa chochote. Nakala ya mistari ile ilikaa kwenye kache zao kama faili nyingine yoyote, na kuifuta kusingerudisha hata tarakimu moja. ICO, haohao wa mkasa wa Coinhive, waliitoza kampuni faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020.

Kwa hiyo, kama onyo limetokea wakati wa kulipa au kuingia kwenye akaunti, kusafisha kache ni kazi ya pili. Ya kwanza ni kuzuia kadi. Aliyeandika nywila aibadilishe, na kama nywila hiyohiyo inafungua barua pepe na akaunti nyingine tano, abadilishe zote sita. Aliyeandika namba ya siri ya pesa za simu kwenye ukurasa wowote wa intaneti aibadilishe papo hapo na kuwapigia watoa huduma, maana namba hiyo huandikwa kwenye menyu ya simu, si kwenye tovuti.

Si kila anwani yenye jina la kivinjari ni ya kache, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukisoma Service Worker\CacheStorage, tovuti fulani imepewa nafasi ya kudumu: imejihifadhia kurasa zake na huenda imepewa ruhusa ya kutuma arifa. Nafasi hiyo haifutiki kwa tiki ya picha na faili. Inafutika kwa tiki ya vidakuzi na data ya tovuti, na gharama yake ni kutolewa kwenye akaunti karibu zote, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba unazikumbuka nywila. Ukitaka kupunguza usumbufu, fungua mipangilio ya tovuti, tafuta ile moja yenye kutiliwa shaka, ufute data yake peke yake.

Ukisoma Extensions, likifuatiwa na herufi 32 zisizo na maana, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hicho ni kiendelezi, programu iliyosakinishwa ndani ya kivinjari, na kusafisha kache hakukigusi. Viendelezi huona kila ukurasa unaofunguliwa ikiwa vimepewa ruhusa hiyo, na vingi huiomba. Wala uzuri wa jana si dhamana. The Great Suspender, kilichokuwa kikipendwa kwa kupunguza mzigo wa kompyuta na kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilibadilishwa mmiliki, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Mkesha wa Krismasi ya 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, alinaswa na barua pepe ya ulaghai. Wavamizi wakachapisha toleo lao la kiendelezi cha kampuni hiyo, likajisasisha lenyewe kwenye vivinjari. Kiendelezi kilikuwa na watumiaji takriban 400,000. Kati yao hakuna aliyebofya chochote kibaya.

Kiendelezi kisichojulikana kiondolewe kwenye ukurasa wa viendelezi, na akaunti ya kivinjari ikaguliwe kwenye kila kompyuta inayotumia akaunti hiyo, kwa sababu usawazishaji hukirudisha kama kimebaki kwenye nyingine. Kama kitufe cha kuondoa kimefifia, na chini ya menyu ya Chrome kuna maneno kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika, ilhali kompyuta ni ya nyumbani, kuna programu nyingine kwenye Windows iliyoweka amri hiyo. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani uone amri zilizowekwa. Kutoka hapo shida si ya kivinjari tena.

Anwani yenye Downloads inauliza swali fupi: faili ilifunguliwa au haikufunguliwa? Kundi linaloendesha SocGholish limeishi miaka mingi kwa hila moja, ukurasa unaodai kivinjari kimepitwa na wakati na kumpa msomaji sasisho la bandia, mara nyingi faili ya .js iliyofungwa ndani ya zip. Faili isiyofunguliwa hufutwa, basi. Iliyofunguliwa hushughulikiwa kama uvamizi kamili, hata kama kwa macho hakuna kilichotokea. Na kwa kumbukumbu: Chrome, Edge na Firefox hujisasisha vyenyewe kupitia menyu zao, haviombi sasisho lao kupitia ukurasa wa habari za mpira.

Kuna tukio moja la karibuni linaloivunja ile kanuni ya mbegu na chupa. Oktoba 2025, watafiti wa kampuni ya Expel walieleza shambulio lililojifanya ukaguzi wa programu ya VPN ya Fortinet. Mtu alipofungua ukurasa, kivinjari kilidanganywa kwamba kinateremsha picha ya JPEG, kikaiweka kwenye kache kama kawaida. Haikuwa picha. Ilikuwa faili ya zip yenye programu hasidi. Kisha ukurasa ukamwelekeza mtumiaji kunakili maandishi yaliyoonekana kama anwani ya kawaida ya folda na kuyabandika. Ndani ya maandishi hayo, zikiwa zimefichwa nyuma ya nafasi tupu nyingi, zilikuwamo amri za PowerShell. Zilikwenda kwenye kache ya Chrome, zikaikuta ile picha ya uongo, zikaikata, zikaifungua na kuiendesha. Amri zenyewe hazikuhitaji kuteremsha kitu chochote kutoka intaneti, kwa hiyo vizuizi vinavyoangalia upakuaji havikuona cha kuzuia.

Hila hiyo ni tawi la ukoo uitwao ClickFix, ulioenea sana tangu 2024. Sura yake ya kawaida ni kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ila badala ya kuchagua picha za taa za barabarani, kinakuomba ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wa mtu kwa njia hiyo. Aliyefanya hivyo ameendesha programu ya mgeni kwa mkono wake mwenyewe, na antivairasi ikionesha onyo la kache dakika ileile, asilisome kama onyo la kache.

Mtu wa namna hiyo afanye nini? Kwanza akate intaneti, achomoe waya au azime Wi-Fi. Pili, achukue kifaa kingine kisichohusika, simu yake kwa mfano, aanze na barua pepe: abadilishe nywila, na zaidi ya hapo achague kutoka kwenye vifaa vyote. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo yenye uzito. Programu za wizi kama Lumma hazifuati nywila peke yake. Huchukua vidakuzi vinavyoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia. Mwenye kidakuzi hahitaji nywila wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe. Machi 2023, chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, yenye wafuatiliaji zaidi ya milioni 15, ilitekwa hivyo baada ya mfanyakazi kufungua kilichoonekana kuwa barua ya udhamini ya PDF. Hawa ni watu wanaofundisha dunia habari za kompyuta. Microsoft walipoishambulia mitambo ya Lumma Mei 2025, walisema wamehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa katika miezi miwili tu.

Ndipo ije skani ya nje ya Windows, ambayo Defender inayo tayari: kompyuta huzimika, huwaka kwa namna ya pekee na kuskaniwa kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Hifadhi kwanza kazi iliyo wazi.

Wakati mwingine kosa ni la mlinzi mwenyewe. Jumapili ya tarehe 4 Septemba 2022, Defender ilianza kuwaambia watu duniani kote kwamba kompyuta zao zina Win32/Hive.ZY, na onyo lilirudi kila walipofungua Chrome, Edge, Discord au Spotify. Hakukuwa na kirusi. Sasisho moja la Microsoft lilikuwa na kasoro, na sasisho jingine likaondoa maonyo. Pia wanafunzi wa usalama wa kompyuta huamsha antivairasi kwa kusoma tu kurasa zenye mifano ya misimbo, au mstari wa majaribio wa EICAR, wenye herufi 68 na usio na madhara yoyote, uliotungwa makusudi ili kupima kama antivairasi iko macho. Dalili za onyo la uongo ni mbili: linatokea ghafla kwa watu wengi siku moja, na antivairasi nyingine hazioni kitu. Faili inaweza kupelekwa VirusTotal, huduma inayomilikiwa na Google, ambako hupimwa na antivairasi nyingi kwa mpigo. Angalizo ni kwamba kinachopandishwa huko huweza kuonwa na watafiti na kampuni nyingine, hivyo usipeleke mkataba wa mteja wala cheti cha hospitali.

Na onyo likirudi baada ya yote hayo? Chunguza ukurasa wa kuanzia wa kivinjari, kurasa zinazorejeshwa kila kikiwaka, viendelezi, na wasifu wa wengine. Tazama pia tarehe ya onyo lenyewe. Mara nyingine antivairasi inaonesha tukio la juzi ambalo limeshakwisha, na mtu anahangaika na kumbukumbu.

Kwenye simu mambo yamekaa tofauti. Android hairuhusu app moja kuchungulia folda za ndani za nyingine, kwa hiyo hakuna app ya antivairasi iliyopakuliwa dukani inayoweza kuskani kache ya Chrome, na ukurasa wa intaneti ndio hauwezi kabisa kuskani simu. Tangazo linalowaka likisema simu ina virusi 13 linasema uongo, bila kujali namba. Lakini mtu anaweza kurushwa kwingine akiwa kwenye tovuti halali. Februari 2024, jina la polyfill.io, lililokuwa likitoa msimbo wa msaada kwa tovuti zaidi ya 100,000, liliuzwa kwa kampuni ya Funnull. Juni mwaka huohuo watafiti wa Sansec walitangaza kwamba msimbo huo umeanza kuwachagua baadhi ya wenye simu na kuwapeleka kwenye tovuti za kamari, kwa kupitia anwani ya kuzuga macho, googie-anaiytics. Isome tena polepole. Aliyefungua tovuti ya chuo chake akajikuta kwenye mikeka hakuwa na kirusi kwenye simu.

Kwenye Android, kache ya Chrome husafishwa ndani ya Chrome yenyewe, au kupitia mipangilio ya simu, orodha ya app, kisha hifadhi. Matangazo yanayoendelea kuchomoza hata Chrome ikiwa imefungwa mara nyingi ni arifa zilizoruhusiwa kwa kidole siku fulani. Yanazimwa kwenye mipangilio ya tovuti, sehemu ya arifa, na hapo utashangaa ni tovuti ngapi zina kibali.

Hakuna sababu ya kusakinisha programu ya usafi kwa ajili ya kazi ambayo vitufe vitatu vinaifanya. Kati ya Agosti na Septemba 2017, CCleaner, pengine msafishaji mashuhuri kuliko wote, ilisambazwa katika toleo la 5.33 lililokuwa limeingizwa msimbo hasidi na wavamizi waliokuwa wamefika kwenye mitambo ya watengenezaji. Lilipakuliwa kwenye kompyuta milioni 2.27. Vivyo hivyo kwa zile programu za kuamsha Windows bila leseni, ambazo sharti lao la kwanza huwa ni kuzima antivairasi. Mwenye laptopu ya mtumba yenye Windows 10 ajue pia kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari chake kikisasishwa bado kuna nafuu, lakini nyufa za Windows yenyewe hazizibwi tena bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza.

Ofisini utaratibu hugeuka. Usifute. Kache, historia na saa ya tukio ni ushahidi, na mtu wa TEHAMA ndiye anayepaswa kuona kabla ya kusafishwa, hasa kama mashine inashika malipo au taarifa za wateja. Toa waya wa mtandao, iache kompyuta ikiwa inawaka, mwite. Taasisi isiyo na mtu huyo inaweza kuripoti TZ-CERT iliyo chini ya TCRA kwa Tanzania, au KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Kupiga Windows nako kuna siku yake: programu ngeni imeendeshwa, skani ya nje ya Windows imekuta vitu nje ya kivinjari, kwenye AppData\Roaming au orodha ya vinavyojiwasha, na vinarudi baada ya kufutwa. Hapo fundi yuko sahihi. Hifadhi picha na nyaraka kwenye diski ya nje, acha programu na faili za kusakinisha, na usinakili folda ya kivinjari hata kama alamisho zako za miaka zimo humo. Alamisho zina njia yake ya kuhamishwa peke yake, kama faili moja ya HTML. Windows mpya ikishakuwa tayari, sasisha kila kitu kwanza. Unapoingia kwenye akaunti ya kivinjari, zima usawazishaji wa viendelezi, rudisha kimojakimoja kile unachokitambua kwa jina na kazi yake, halafu ndipo uwashe usawazishaji tena.